Nguvu ya Redio Iishie Wapi?

Kata ya Mgwashi imo katika Halmashauri ya Bumbuli, Wilaya ya Lushoto, na aliyewahi kutembea katika vilima vya Usambara anajua kuwa huko jua halitoki kwa wote saa ile ile. Aliye juu ya ukingo huliona mapema. Aliye bondeni hungoja. Mawimbi ya redio nayo yana tabia hiyo. Mitambo ya FM, ambayo leo ndiyo itumiwayo na karibu redio zote za biashara nchini, hurusha mawimbi yaendayo kwa njia iliyonyoka. Yakikutana na mlima, hayapindi vya kutosha kuwafikia walio nyuma yake. Basi mtu mmoja husikia habari waziwazi, na jirani yake ng'ambo ya kilima husikia mkwaruzo. Wengi hudhani hilo ni jambo la mafundi. Sisi twaona kuwa ni jambo la fedha na la siasa ya nchi, na ndiyo sababu tunaliandika hapa.

Ili kulielewa, yafaa tuitazame redio moja iliyojengwa mbali sana na Usambara, huko Mwanza.

Kwa zaidi ya miaka arobaini utangazaji katika Tanzania Bara ulikuwa kazi ya serikali. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikisikika mjini na viungani mwake tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Radio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Biashara iliyopokea matangazo ya kulipiwa, lakini ramani ya mitambo yake haikuchorwa na wauza sabuni. Mitambo ya mawimbi ya kati iliwekwa Dodoma, Mwanza, Nachingwea na kwingineko kwa sababu huko kulikuwa na raia. Haikuwa hoja kwanza kujua kama mtu wa Nachingwea ana fedha ya kununua dawa ya meno. Redio hiyo ilikuwa na kasoro zake, na mojawapo kubwa ni kuwa msikilizaji hakuwa na pengine pa kwenda. Lakini kwa habari ya kuwafikia watu, nia yake ilikuwa wazi.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji mwaka 1993, mlango ulifunguliwa. Radio One ilianza mwaka 1994 Dar es Salaam, ambako wateja wamesongamana. Huko Mwanza, Anthony Diallo, mfanya biashara aliyepata pia kuwa Mbunge na Waziri, alianzisha Radio Free Africa chini ya kampuni ya Sahara, naye alifuata njia nyingine. Redio hiyo ilirusha kwa mawimbi ya kati, kilohezi 1377, yaani kama meta 218, kwa mtambo wa kilowati 50. Kwa redio ya mtu binafsi katika nchi yetu hiyo ilikuwa nguvu kubwa mno.

Twaiona sababu yake katika ramani ya Kanda ya Ziwa. Wavuvi wako visiwani Ukerewe, wakulima wa pamba wametapakaa Shinyanga, wachimba dhahabu wako Geita, na wafugaji wako kila mahali. Hapana mji mmoja uwezao kuwakusanya. Mtambo mmoja wenye nguvu uliwafanya wote kuwa soko moja. Na mawimbi ya kati hutambaa juu ya ardhi mchana, na usiku hurudishwa chini na tabaka za juu za hewa, yakatua mamia ya kilometa mbali, hata ng'ambo ya mipaka. Redio hiyo iliunganisha pia matangazo ya Kiswahili ya BBC na ya Ujerumani, hata mtu wa kijijini mwenye redio ya betri mbili akazipata habari za dunia pasipo kuhangaika na mawimbi mafupi. Kwa hili twamsifu mwanzilishi wake bila kusita. Alithibitisha kuwa maskini wa shamba, wakihesabiwa pamoja, ni wateja.

Lakini sifa hiyo isitufanye tusahau kuwa redio ya biashara humtii alipaye. Redio Luxembourg ilianza mwaka 1933 kuwatangazia Waingereza biashara kutoka nchi ndogo isiyo yao, kwa nguvu ya mtambo tu. Na Wajerumani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1940, mtambo ule ule uliouza bidhaa ukauza maneno ya Hitler. Karibu nasi zaidi, katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, ilikuwako redio ya biashara iliyotangaza kwa Kiingereza kutoka katika koloni la Mreno, huku masikio na mifuko yake ikiwa Johannesburg. Mwananchi wa Msumbiji aliishi chini ya mlingoti wake, wala haikuwa yake. Ilinyamaza mwaka 1975, mwaka wa uhuru wa Msumbiji.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mtambo wa kilowati 50 ukifanya kazi usiku na mchana hula yapata uniti 1,200 za umeme kwa siku, au zaidi, kabla hujamlipa mtangazaji hata mmoja. Mtambo mdogo wa FM mjini hula sehemu ndogo tu ya huo, tena sauti yake ni safi na muziki wapendeza. Mfanya biashara yeyote mwenye akili ataona ni heri kuweka mitambo midogo katika miji kumi yenye maduka kuliko kulisha mtambo mmoja mkubwa unaowafikia pia wasionunua. Redio ya Mwanza nayo ilijiwekea mitambo ya FM katika miji mingine. Hatuwalaumu. Twasema tu kwamba hesabu hiyo, ikiachwa ifanywe na wenye redio peke yao, itaishia Korogwe na Lushoto mjini. Haitashuka mabonde ya Mgwashi.

Tutaambiwa kwamba simu ya mkononi imemaliza habari hii. Haijamaliza. Redio ikishanunuliwa husikilizwa bure. Simu hudai kifurushi kila wakati, na mnara wa simu nao huzuiwa na kilima kile kile. Tena fikirini mambo yenyewe yanayotakiwa kusikika. Mkulima wa mboga wa Usambara anayeuza Dar es Salaam, asipojua bei ya leo sokoni, atapewa bei na dalali. Mvua za masika na za vuli huporomosha udongo katika miteremko hii, na onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa halina faida likifika baada ya udongo. Mambo ya namna hiyo hayana mdhamini wa kuyalipia kama walipiavyo bia na vocha.

Fedha ya kuyatenda si kwamba haipo kabisa. Sheria ya mwaka 2006 iliweka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na makampuni ya mawasiliano yenyewe, kwa ajili ya mahali ambapo biashara haipati faida. Na Mfuko huo umekwisha kusaidia kupanua usikivu wa redio ya taifa. Twaona ni haki redio za biashara nazo ziguswe. Kampuni ipewayo masafa, ambayo ni mali ya umma, itakiwe kuonyesha si orodha ya wilaya inazodai kuzifikia, bali vijiji inavyosikika, na mahali ambapo kilima kimezuia iweke kirudishi kidogo kwa msaada wa Mfuko.

Maana neno "wilaya" huficha mengi. Lushoto ikitiwa rangi katika ramani ya kampuni, Mgwashi nayo hutiwa rangi. Madiwani wa Bumbuli wanaweza kuanza kesho bila kungoja mtaalamu: wachukue redio moja ya kawaida, wapite nayo kitongoji kwa kitongoji, asubuhi na usiku, waandike ni redio gani yasikika na wapi yakatika, kisha karatasi hiyo waipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano kabla leseni za redio hizo hazijaongezwa muda.