Mchezo wa Tableti na Chaki ya Mwalimu

Wazazi wengi wakisikia mchezo wa kwenye simu, huwaza kamari na muda unaopotea. Hofu hiyo ina msingi, lakini tusiufungie mlango kila mchezo. Hata bao ni hesabu: asiyejua kuhesabu kete hafiki mbali.

Mfano tunao hapa nyumbani. Kati ya 2017 na 2019, watoto wa vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, wengi wao wasiowahi kwenda shule, walipewa tableti za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Zilichajiwa kwa umeme wa jua. Lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE, na Kitkit School na onebillion waligawana tuzo ya dola milioni 10.

Mchezo hauchoki kurudia, wala haumcheki anayekosea. Katika darasa la watoto 80, mwalimu hawezi kumsahihisha kila mmoja papo hapo. Lakini tableti haijui kwamba mtoto amekuja bila kula, wala haimfundishi kumpisha mwenzake. Hayo ni ya mwalimu.

Basi tunasema hivi: mwalimu achague mchezo unaofuata somo la siku, usio na matangazo, watoto wacheze kwa zamu dakika 20, kisha wafungue daftari na kueleza walichojifunza. Nasi mafrateri tutakaotumwa kufundisha shule za parokia, tuicheze kwanza wenyewe. Asiyeweza kusema mchezo unafundisha nini, asiupeleke darasani.