Kompyuta inayokula mega kimya kimya

Katika ofisi ndogo za kuchapa na kupiga fotokopi huko Kiwanja, wilayani Rutshuru, mega ni mali. Mwenye ofisi hununua kifurushi kwenye simu, huiunganisha na kompyuta kwa Wi-Fi ili atume barua moja ya mteja, na kabla barua haijaenda mega zimekwisha. Windows imezitumia kupakua masasisho yake, na kwenye skrini hakuna kilichoonekana.

Tangu Windows 95, programu zinazofanya kazi chinichini hujionyesha kwa alama ndogo kando ya saa. Windows XP, ya mwaka 2001, ikaanza kuzificha zile zisizotumika nyuma ya kishale. Alama ya masasisho nayo mara nyingi hutokea pale kompyuta inapotaka kuwashwa upya. Huyo ni mlinzi anayepiga kelele wakati mwizi ameshafika kwake.

Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2019 Microsoft iliongeza alama ya maikrofoni, inayotokea kila programu inaposikiliza. Kwa nini pesa ya mtumiaji isipewe heshima hiyo hiyo? Alama moja kando ya saa, yenye hesabu ya mega zinazoondoka, ingetosha.

Kwa sasa kinga ipo, ila imejificha: Wi-Fi ya simu kwa kawaida huhesabiwa kuwa haina kikomo. Mwenye kompyuta afungue mipangilio ya mtandao huo na kuwasha sehemu ambayo kwenye Windows ya Kifaransa imeandikwa "connexion limitée", kabla hajagusa barua ya mteja.