Mnakagua Vitabu, Kagueni na Majukwaa: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Mtaala wa umilisi mliouandaa unataja mawasiliano na ushirikiano, pamoja na ujuzi wa kidijitali, kati ya umilisi saba wa kimsingi. Penye tarakilishi na mtandao, walimu wameuitikia kwa kutumia kilichopo bila malipo: ripoti ya kikundi huandikwa kwenye Google Docs, picha za mradi wa kilimo hubandikwa kwenye ubao wa mtandaoni wa Padlet. Naomba Taasisi isimwachie mwalimu mmoja mmoja kuamua watoto watumie jukwaa gani. Kitabu hakiingii kwenye orodha iliyoidhinishwa kabla hamjakikagua; majukwaa haya nayo yakaguliwe.

Siombi yapigwe marufuku, kwa kuwa faida yake ni kubwa. Katika kazi ya kikundi ya karatasini, ni rahisi mwanafunzi mmoja kuandika na wenzake kuongeza majina tu, mwalimu asijue nani alifikiri nini. Hati ya pamoja mtandaoni hutunza historia ya uhariri: nani aliandika sentensi hii, nani aliifuta, nani aliirejesha. Kwa mwalimu anayetakiwa kutathmini mradi na kuwasilisha alama kwa Baraza la Mitihani (KNEC), huo ni ushahidi ambao karatasi haimpi. Mwanafunzi naye hujifunza kumsahihisha mwenzake bila kumdhalilisha, na kukubali kusahihishwa, jambo ambalo hata watu wazima wengi linatushinda.

Lakini cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukifunga. Wikispaces, ambayo walimu wa nchi nyingi waliitumia kujengea wiki za madarasa yao, ilifungwa mwaka 2018. Jamboard, ubao wa kidijitali wa Google, ikafuata mwisho wa 2024. Zito zaidi ni taarifa za watoto. Mwaka 2022 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu zana za elimu zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa korona, ikaonyesha kwamba nyingi ziliwafuatilia watoto au ziliweza kufanya hivyo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi, na inauma: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mwalimu anayelifungulia darasa zima akaunti kwa nia njema anaweza kujikuta upande mbaya wa sheria hiyo hiyo, na si haki abebe mzigo huo peke yake.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Nairobi, kwamba Turkana na Tana River mtandao ni wa kubahatisha. Ni kweli, na ndiyo sababu ukaguzi unahitajika. Jukwaa la kibiashara linalotegemea intaneti halina msaada huko, ilhali programu huria zinaweza kukaa kwenye seva ndogo ndani ya shule. Kolibri hutoa masomo bila intaneti. Etherpad huwawezesha watoto kuandika pamoja kupitia waifai ya shule, na maandishi yao yasitoke langoni. Shule za msingi zilizopewa tableti katika mradi ulioanza 2016 zilipelekewa pia seva na rauta, kwa hiyo penye vifaa vinavyofanya kazi bado, hatuanzi na mikono mitupu. Programu hizi hazina ada ya leseni, ila seva inataka mtu wa kuitunza, na malipo yake lazima yaingie kwenye bajeti.

Wengine watahofia urasimu, zana nzuri zikwame mezani miaka miwili. Basi orodha iwe fupi, itazamwe upya kila mwaka, na mwalimu awe huru kujaribu kipya mradi tu hakiombi jina wala picha ya mtoto. Kwa kuanzia, zana tano zilizokaguliwa na fomu moja ya idhini ya mzazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, zinaweza kufika shuleni kabla ya muhula ujao.