Neno juu ya fitingi za shaba
Naomba niseme neno juu ya fitingi za mabomba ya plastiki ya PEX, kwani shaba ya manjano iliyotiwa zinki nyingi, maji makali yakiipitia kwa miaka, huvuliwa zinki yake, na athari yake nimeiona kwa macho yangu: unga mweupe umegandamana shingoni, na nilipoukwaruza kwa kisu ikadhihiri shaba nyekundu, dhaifu, yenye kumeguka. Mnunuzi na adai aina inayostahimili kuvuliwa zinki huko, na kwa maji ya kunywa risasi isizidi asilimia 0.25, kama sheria ya Marekani ilivyoshurutisha tangu 2014. Ama pete ya kulibana bomba juu ya fitingi, ikae milimita 3 hadi 6 kutoka ncha ya bomba, na ikiisha kubanwa ipimwe kwa geji papo hapo, kabla ukuta haujazibwa.