Shujaa wa filamu haruki, mwonyeshe mwanao

Juzi nilimkuta mwanangu wa miaka sita juu ya ukuta wa uani, kanga yangu kaifunga shingoni, anahesabu: moja, mbili... Nilimdaka kabla ya tatu.

"Nataka kuruka, mama. Kama yule wa kwenye filamu."

Mzazi mwenzangu, hapo kiboko hakisaidii. Mtoto hakukosa adabu, aliamini alichokiona. Kinachosaidia ni kumweleza filamu inavyotengenezwa.

Mwambie hivi: mwigizaji hafiki mawinguni. Yuko ndani ya studio, ananing'inia kwa nyaya mbele ya kitambaa kikubwa cha kijani. Baadaye kompyuta inaondoa kila chenye kijani kile na kuweka picha nyingine mahali pake: mawingu, maghorofa, bahari. Nyaya nazo zinafutwa.

Kwa nini kijani? Kwa sababu ngozi ya binadamu, nyeusi au nyeupe, haina rangi hiyo, na kamera za dijitali huinasa vizuri. Wengine hutumia bluu, na filamu ya The Thief of Bagdad ilifanya hivyo tangu mwaka 1940.

Kwa wakubwa kidogo, wape mfano wa Life of Pi ya mwaka 2012. Kijana aliyeigiza humo hakuwahi kukaa mashua moja na chui milia. Sehemu kubwa ya chui yule ni kazi ya kompyuta, na ile bahari ilikuwa bwawa lililojengwa Taiwan.

Kisha mjaribu wenyewe. Tandaza ukutani kitambaa cha kijani kisicho na mikunjo, mahali penye mwanga wa kutosha. Mlaze mtoto kifudifudi juu ya kigoda, mikono mbele, umrekodi kwa simu. Programu nyingi za kuhariri video zina sehemu ya kuondoa rangi ya nyuma. Chagua kijani, weka picha ya anga.

Sisi tulirudia mara ya pili akiwa na fulana ya kijani. Kifua kikatoweka, kikabaki kichwa na mikono vikielea! Alicheka hadi machozi, na somo likaingia.

Sasa kila shujaa akipaa kwenye televisheni, ananigeukia: "Mama, hapo nyuma kuna kitambaa, eti?"

Ukutani hajapanda tena.