Bili ya Uchafu wa Brussels Isipelekwe Matonge

Ukishuka Chaussée d'Ixelles kutoka Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, kuelekea uwanja wa Flagey wakati wa joto, harufu hukupokea kabla hujayaona maji. Mabwawa ya Ixelles yakishapata jua la wiki mbili hugeuka kijani kizito, kama rangi ya mlango iliyomwagwa. Juzi nimemwona mzee akikung'uta mfuko mzima wa mikate ukingoni. Bata wakala wakashiba, iliyobaki ikazama. Mikate hiyo huozea matopeni pamoja na majani na vinyesi vya ndege, rutuba ikapanda juu, mwani ukastawi. Watafiti wa hapa walishajaribu kupunguza maji katika baadhi ya mabwawa ya jiji na kuwatoa samaki, ili wadudu wadogo wanaokula mwani wapate nafasi. Maji yakatakata. Samaki waliporudi, uchafu nao ukarudi.

Uchafu wa bwawani angalau unaonekana, na mzee yule anaweza kuambiwa akaelewa. Ninaoujadili hapa hauna rangi wala harufu, na wanaoutengeneza wamekwenda mahakamani ili wasiulipie.

Aprili 10, 2024, Bunge la Ulaya likiwa limeketi hapahapa Brussels, lilipitisha sheria mpya ya maji taka ya mijini. Ilianza kutumika Januari 2025. Miji mikubwa itatakiwa kuongeza hatua ya nne ya usafishaji, inayonasa mabaki ya dawa na kemikali ambayo mitambo ya kawaida huyaachia yapite. Angalau asilimia 80 ya gharama ya hatua hiyo italipwa na watengenezaji wa dawa za binadamu na wa vipodozi. Haikupita miezi mingi kabla kampuni za dawa hazijafungua kesi katika mahakama ya Umoja wa Ulaya, na Poland nayo ikafungua yake. Kwa maoni yangu sheria ni ya haki, na kesi hizo hazistahili kufaulu.

Hoja za walalamikaji nitazieleza, maana ni haki yao. Wanasema hesabu ya Tume ya Ulaya, iliyoziwekea sekta hizo mbili asilimia 92 ya sumu ya aina hiyo katika maji taka, imekosewa. Wanauliza kwa nini viwanda vingine vimeachwa. Wanaonya kwamba dawa za bei nafuu, kama metformin ya wagonjwa wa kisukari, zitapanda bei au zitatoweka madukani. Hoja ya tatu ndiyo nzito, na serikali zina wajibu wa kuzilinda dawa hizo. Lakini Uswisi ilianza kazi hii mwaka 2016, na sehemu kubwa ya ujenzi inagharimiwa kwa tozo isiyozidi faranga 9 kwa kila mtu kwa mwaka. Sekta yenye faida kama ya dawa haitaangushwa na kiasi hicho.

Kuhusu ubishi wa hesabu, hapo uvumilivu wangu unaniishia. Mtengenezaji anaijua dawa yake hadi miligramu. Anajua ni kiasi gani mwili hutumia na kiasi gani hutoka na mkojo, kwa sababu bila kulijua hilo asingepewa kibali cha kuiuza. Chukua diclofenac, ile ya maumivu ya mgongo na magoti, ambayo hata Bukavu na Mombasa kila duka la dawa linayo. Mwaka 2004 wanasayansi walithibitisha kwamba mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaua tumbusi wa Asia Kusini kwa figo kushindwa kufanya kazi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mtu anasimama mbele ya jaji na kuomba apewe muda wa kuhesabu upya!

Jambo linaloamua shauri hili, kwangu, ni moja. Gharama ya uchafu haifutiki. Ikikwepwa na mmoja itamwangukia mwingine, na asipopatikana mtu wa kuilipa itabebwa na mto. Brussels imeliishi jambo hilo kwa zaidi ya miaka 150. Kipindupindu kilipoua watu wa jiji hili mwaka 1866, mto Senne ulikuwa tayari mfereji wa kinyesi. Meya Jules Anspach hakuusafisha. Kuanzia mwaka 1867 hadi 1871 mto ulifunikwa kwa matofali na juu yake zikajengwa barabara za fahari, mojawapo ikibeba jina lake hadi leo. Kijito cha Maelbeek, ambacho mabwawa ya Ixelles ni mabaki yake, kilizikwa vivyo hivyo kikawa bomba la maji taka. Bonde lake ndilo lenye ofisi za Umoja wa Ulaya leo. Wabunge waliopiga kura ile Aprili walikuwa hatua chache kutoka kijito hicho, na sidhani kama wengi wao walijua.

Chini ya matofali uchafu uliendelea kutiririka bure. Mtambo wa kwanza wa kusafisha maji taka ya Brussels, ule wa kusini, ulifunguliwa mwaka 2000. Wa kaskazini, wenye uwezo wa kuhudumia watu milioni 1.1, ulikuja mwaka 2007. Hiyo ni zaidi ya karne nzima ambayo jiji tajiri lilimwaga vinyesi mtoni, na bili ikalipwa na samaki na vijiji vya chini.

Kisha ikaja Desemba 2009. Kampuni ya Aquiris, inayouendesha mtambo wa kaskazini, iliuzima ikilalamika kwamba mchanga na vifusi vilivyokuwa vikiingia vilihatarisha mitambo na wafanyakazi. Kampuni na mamlaka ya mkoa zikabishana kosa ni la nani na gharama ni ya nani. Kwa siku zipatazo kumi, maji taka ya sehemu kubwa ya jiji yaliingia Senne bila kusafishwa, yakashuka hadi Flanders. Wanasheria wana siku za kujibu na za kukata rufaa. Mto hauna. Ndiyo maana sheria lazima iseme mapema nani analipa, na iseme hivyo kabla bomba halijafunguliwa.

Wapo watakaoniuliza hili linawahusu nini wasomaji wa Kiswahili. Kule Kongo, Bukavu imeshikilia kingo za Ziwa Kivu kwenye miteremko mikali. Mvua ikinyesha, chupa na mifuko huteremka ziwani, ikasukumwa hadi kwenye mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme. Mabaki ya dawa hupita njia ileile, ila hayazibi kitu, hivyo hakuna anayeyaona. Kenya imeweka katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022 kwamba mtengenezaji ana wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Ikiwa Ulaya, yenye fedha na maabara, itashindwa kuusimamisha msingi huo mbele ya wanasheria wa viwanda, waziri wa Nairobi au Kinshasa atausimamisha kwa nguvu gani?

Wiki iliyopita, katika saluni moja ya Matonge, dada mmoja mzaliwa wa Bukavu alinionyesha bili yake ya maji. Ina sehemu mbili: maji yanayoingia na usafishaji wa yanayotoka. Anaosha vichwa kutwa, kwa hiyo zote mbili ni kubwa. Aliweka kidole kwenye ile ya pili. "Kaka, hii nayo itapanda?" Nchi wanachama zimepewa hadi Julai 31, 2027 kuiingiza sheria hii katika sheria zao. Nilimjibu kwamba inategemea nani atashinda kesi.