Wachuma chai wamerudi Merigi, kura zao zingali Kericho

Mhariri,

Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inasema wapiga kura huandikishwa wakati wote, isipokuwa kipindi kifupi uchaguzi unapokaribia. Kwa mujibu wa sheria hiyo, basi, mkazi wa Merigi anaweza kuingia kwenye daftari Jumanne yoyote apendayo. Lakini Tume ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliporejesha kazi hiyo tarehe 29 Septemba 2025, mashine ziliwekwa katika ofisi za maeneo bunge na mwenye haja akatakiwa kuzifuata huko. Merigi ni moja kati ya wadi tano za Bomet Mashariki. Ofisi ni moja.

Anayeona safari hiyo ni jambo dogo hajawahi kulipwa kwa kilo. Kibarua asiyechuma leo hana pesa ya leo, na juu ya hiyo kuna nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Kijana aliyetimiza miaka 18 akifika na karatasi ya kusubiria kitambulisho atarudishwa, kwa kuwa kinachokubaliwa ni kitambulisho chenyewe au pasipoti.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo halizungumzwi sana, ni la waliokwisha kujiandikisha. Kwa miaka mingi watu wa Bomet wamekwenda kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, wakaishi katika nyumba za kampuni na kuandikishwa huko huko. Kisha zikaja mashine za kuchuma. Hasira zilipopanda Mei 2023, baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto, ila kazi za mikono zimeendelea kupungua. Aliyekosa kazi hana budi kuiacha nyumba ya kampuni. Hurudi kwao na godoro na vyombo, kura akaiacha Kericho.

Siku ya uchaguzi Mkenya hupewa karatasi sita. Aliyerudi Merigi bila kuhamisha kura yake atalazimika kusafiri hadi Kericho, na kati ya karatasi hizo ni ya rais tu itakayofanana na ya majirani zake. Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi atakaowachagua ni wa watu wengine. Barabara ya kwao ikiharibika, atamlalamikia mwakilishi wadi ambaye hakumpa kura wala kumnyima.

Kuhamisha kura kunaruhusiwa, mradi ombi lifike angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Wengi hukumbuka muda ukiwa umepita, au hungoja mwanasiasa awalipie nauli. Na mwanasiasa anayegharimia uhamisho wa kura za watu ana hesabu zake.

Wakubwa hupenda kusema vijana hawajali. Huenda wengine hawajali kweli. Lakini Oktoba 2021 Tume ililenga wapiga kura wapya milioni 6, ikapata takriban milioni 1.5, mapema 2022 ikarudi na lengo la milioni 4.5, ikaambulia kama milioni 1. Lengo likikosewa kiasi hicho mara mbili mfululizo, mpango wenyewe nao unastahili kuulizwa maswali.

Hata marehemu wanaujua ugumu wa kuhama. Ukaguzi wa KPMG kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta daftarini rekodi 246,465 za watu waliokwisha kufariki. Kijijini kifo hakifichiki: chifu huarifiwa na kibali cha mazishi hutolewa. Taarifa hiyo inaishia wapi kabla ya kuifikia Tume?

Kuna jambo jema moja. Tangu 2025 mashine husoma pia mboni ya jicho, nafuu kubwa kwa watu ambao alama zao za vidole zimefifia kwa kazi za mikono.

Basi mashine hiyo iletwe walipo watu. Vituo vya kununulia majani chai hujaa wakulima na vibarua wakisubiri kupimiwa, na siku ya soko kila mtu hushuka. Tume itenge angalau siku mbili kila mwezi kwa kila wadi, iandikishe wapya na kupokea maombi ya uhamisho hapo hapo, na ratiba ibandikwe kwa chifu na kutangazwa redioni kwa Kipsigis. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukitoa siku 90, mlango wa kuhamisha kura unafungwa Mei.

Msomaji,
Merigi, Bomet